Ukiangukia Jua, utafika na kasi gani?

Tuchukue jiwe tulipeleke mahali palipo mbali na Jua kama tulivyo sisi, kilomita milioni 150, ila lisiwe jirani na Dunia, maana Dunia nayo italivuta na kutuvurugia hesabu. Tulitulize kabisa, lisiende mbele wala kando. Halafu tuliachie.

Hapo hakuna hewa ya kulizuia. Litaangukia Jua. Na kwa kuwa Jua ni zito mno (zingehitajika Dunia 333,000 kulingana nalo), mtu angetegemea jiwe lichomoke kama risasi.

Wapi! Sekunde ya kwanza linasogea milimita tatu. Dakika ikiisha limekwenda mita kumi na kidogo. Mtoto anayetambaa angeweza kwenda nalo sambamba. Saa nzima ikiisha lina kasi ya kilomita 77 kwa saa, yaani kasi ya basi la abiria linalochunga lisivuke 80, na askari wa barabarani hana neno nalo. Kesho yake saa kama hiyo linakimbia zaidi ya kilomita 1,800 kwa saa, mara mbili ya ndege ya abiria, na limeshasogea kilomita 22,000. Inasikika nyingi, lakini katika safari ya kilomita milioni 150 hiyo ni kama kutoka chumbani na kufika mlangoni.

Mwezi mmoja baadaye mambo bado ni pole pole. Siku ya 30 jiwe limefikia kilomita 17 kwa sekunde, na limemaliza asilimia 14 tu ya njia. Nusu ya njia linaifikia siku ya 53, likiwa na kilomita 42 kwa sekunde. Siku ya 57 linapita kwenye umbali wa sayari ya Utaridi, kilomita 53 kwa sekunde. Na safari yote, kuanzia kuachiwa hadi kugusa Jua, inachukua siku 64 na nusu.

Angalia hesabu ilivyokaa. Nusu ya kwanza ya njia imekula siku 53, nusu ya pili siku 12 pungufu. Sehemu ya kumi ya mwisho, kilomita milioni 15 nzima, inamalizwa kwa saa 21. Saa moja kabla ya kufika, jiwe lina takriban kilomita 340 kwa sekunde. Linapogusa uso wa Jua lina 616. Maana yake saa hiyo moja ya mwisho imeliongezea kilomita 275 kwa sekunde, wakati siku 64 zote zilizotangulia zililipatia 340.

Kilomita 616 kwa sekunde: Nairobi hadi Mombasa kabla hujamaliza kutamka "Mombasa".

Nyika ndefu, kisha genge

Kwa nini kasi yote inakuja mwishoni? Jibu ni la Isaac Newton, aliyelichapisha mwaka 1687: kani ya mvutano hupungua kwa mraba wa umbali. Ukisogea mbali mara mbili, mvutano unabaki robo. Ukisogea mara kumi, inabaki sehemu moja ya mia. Sasa, sisi tuko mbali na kitovu cha Jua mara 215 ya nusukipenyo chake. Mraba wa 215 ni zaidi ya 46,000. Hapa tulipo Jua linavuta kwa unyonge mara 46,000 kuliko linavyovuta usoni pake. Ndiyo sababu jiwe letu lilianza kwa milimita tatu. Usoni pa Jua, kila sekunde ya kuanguka inaongeza mita 274 kwa sekunde, mara 28 ya kile tunachokijua hapa tukiangusha embe.

Picha inayonisaidia mimi ni hii. Unaendesha baiskeli kwenye nyika isiyo na mwisho, mteremko upo lakini hauonekani, miguu unainyanyua tu na baiskeli inajivuta. Unakwenda hivyo wiki baada ya wiki. Halafu mbele yako, bila onyo, nyika inakatika na kuwa genge. Karibu urefu wote wa kuanguka kwako umo katika lile genge. Nyika ilikuwa ni muda tu.

Ukihesabu kwa nishati badala ya kasi, jambo hili linakuwa kali zaidi: nusu ya nishati yote ya mwendo ambayo jiwe linaipata, inapatikana katika kilomita 700,000 za mwisho, umbali unaolingana na nusukipenyo kimoja cha Jua.

Na hapa ndipo panapotoka jambo ambalo watu hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza. Tuseme hatukuliachia jiwe kutoka hapa kwetu bali kutoka kwenye umbali wa sayari ya Neptune, mara 30 zaidi. Safari itachukua miaka 29 badala ya siku 64. Je, litafika na kasi mara 30 zaidi? Hata mara mbili? Litafika na kilomita 617 na nusu hivi kwa sekunde. Miaka 29 ya kuanguka imeongeza kilomita moja na kitu. Tukilitoa mbali kupita kiasi, hata pale ambapo Jua ni nukta miongoni mwa nukta, litafika na kilomita 618 kwa sekunde, wala haliwezi kupita hapo kwa mvutano wa Jua peke yake. Nyika uliyoiongeza ilikuwa tambarare. Genge ni lile lile.

Namba hiyo ya 618 ina jina lake: ni kasi ya kuponyoka kutoka usoni pa Jua. Si sadfa. Piga filamu ya jiwe linaloanguka kutoka mbali kabisa, kisha irudishe nyuma: utaona jiwe linalorushwa kutoka kwenye Jua, linapunguza mwendo, na kuishiwa nguvu pale tu linapokuwa limeshatoka kabisa. Kanuni za Newton hazijali filamu inakwenda upande gani. Kasi ya kutoka na kasi ya kuingia ni kitu kimoja.

Lakini je, kama kitu kilishakuwa na mwendo wake kabla hakijaanza kuvutwa? Mwaka 2025 wanafalaki waligundua kitu kilichoingia kutoka nje ya mfumo wetu, wakakiita 3I/ATLAS, kikija kwa takriban kilomita 58 kwa sekunde hata kabla Jua halijakishika. Mtu angejumlisha: 618 na 58 ni 676. Kama kingeelekea Juani moja kwa moja (hakikufanya hivyo, kilipita mbali), kingefika na 620. Kinachojumlishwa si kasi bali nishati, na nishati inakwenda kwa mraba wa kasi. Mraba wa 58 mbele ya mraba wa 618 ni sawa na kijiko cha maji ndani ya ndoo.

Uzito wa kinachoanguka, kwa upande mwingine, hauingii popote. Jiwe, kontena, mlima, vyote vina ratiba ile ile ya siku 64 na vyote vinafika na 616. Kitu kizito kinavutwa zaidi, ni kweli, lakini pia ni kigumu zaidi kukisukuma, na mambo hayo mawili yanafutana sawasawa. Mwanaanga David Scott alilionyesha hilo mbele ya kamera mwaka 1971 akiwa mwezini: aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja, vikatua pamoja. Penye Jua kuna walakini mmoja tu, nao ni vumbi. Vumbi laini sana linasukumwa na mwanga wa Jua wenyewe, na chembe zikiwa ndogo vya kutosha, msukumo huo unashinda mvutano. Kwa hiyo kitu kikisagika sana kinaweza kukataa kuanguka.

Pagumu kufika

Sasa tulilegeze sharti tuliloliweka mwanzo. Nilisema jiwe litulizwe kabisa. Katika anga halisi hakuna kilichotulia. Dunia inakimbia kilomita karibu 30 kwa sekunde kulizunguka Jua, na chochote unachokirusha kutoka hapa kinaondoka na kasi hiyo hiyo ya ubavuni. Ndiyo maana Dunia haianguki. Kwa usahihi zaidi, inaanguka kila siku, ila kila inapoanguka inakuwa imeshasogea kando kiasi cha kulikosa Jua. Imekuwa ikilikosa kwa miaka bilioni nne na nusu.

Kwa hiyo mtu akikwambia tutupe taka zetu za nyuklia Juani, muulize roketi ataitoa wapi. Ili kitu kilichotoka duniani kiangukie Jua wima, lazima kwanza kifutiwe ule mwendo wa kilomita 30 kwa sekunde. Kukiondoa kabisa kitu hicho katika mfumo wa Jua, kisirudi tena, kunahitaji nyongeza ya kilomita 12 tu kwa sekunde. Kuhama ni rahisi kuliko kutumbukia. Mimi hili bado linanishangaza kila nikilifikiria, kwa sababu tumezoea kulifikiria Jua kama shimo ambalo ukizubaa tu umo.

Chombo cha Parker Solar Probe ndicho kilichotufundisha hili kwa vitendo. NASA walikirusha tarehe 12 Agosti 2018 kwa roketi ya Delta IV Heavy, mojawapo ya zilizokuwa na nguvu kubwa kabisa wakati huo, na chombo chenyewe hakikufika hata tani moja. Bado haikutosha. Ilibidi kipitishwe kando ya sayari ya Zuhura mara saba, kati ya 2018 na 2024, na kila mara mvutano wa Zuhura ukatumika kama breki, ukikipokonya kidogo mwendo wake. Kila kilipopunguzwa mwendo, njia yake ilizama karibu zaidi na Jua, na kila ilipozama, kilikimbia zaidi kikifika chini. Ili kiwe chombo chenye kasi kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa na binadamu, ilibidi kwanza kipunguzwe mwendo.

Tarehe 24 Desemba 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka usoni pa Jua, kikiwa na kasi ya kilomita 690,000 hivi kwa saa, karibu 192 kwa sekunde. Rekodi ya zamani, ya chombo cha Helios 2 mwaka 1976, ilikuwa kilomita 70 kwa sekunde. Mbele ya Parker kuna ngao ya kaboni yenye unene wa sentimita 11 na nusu hivi, iliyotengenezwa kuhimili joto la nyuzi karibu 1,400, na nyuma yake vifaa vinakaa katika joto la kawaida la chumba. Aliyepewa heshima ya jina hilo, Eugene Parker, ndiye aliyeeleza mwaka 1958 kwamba Jua linavuma upepo wa chembe. Alikuwa hai siku ya kurushwa na alishuhudia kwa macho yake. Alifariki mwaka 2022.

Turudi kwenye ile 192, maana ina somo ndani yake. Jiwe letu, lile lililoangushwa wima bila ubavu wowote, lingepita umbali huo huo likiwa na kilomita ngapi kwa sekunde? 192. Parker hakianguki wima, kinazunguka, njia yake ni duara lililobanwa. Na bado kasi karibu ni ile ile, kwa sababu kinachoamua kasi ni umezama kiasi gani ndani ya mvutano. Upande unaoelekea, mvutano hauuandiki popote kwenye daftari lake.

Walioshuka chini kuliko Parker ni nyotamkia, yale madonge ya barafu na vumbi yenye mkia. Kuna ukoo mzima wa nyotamkia unaoitwa wa Kreutz, kwa jina la mwanafalaki Mjerumani aliyeuchunguza katika karne ya 19: inaaminika ni vipande vya nyotamkia moja kubwa iliyovunjika zamani, na vyote vinarudi kwa njia ile ile inayolipapasa Jua. Chombo cha kulichunguza Jua kiitwacho SOHO, kilichorushwa mwaka 1995, kimesaidia kugundua zaidi ya nyotamkia 5,000, nyingi zikiwa za ukoo huo. Nyingi hazirudi. Julai 2011 moja ilipigwa picha ikififia na kuyeyuka ndani ya hewa ya juu ya Jua, kabla haijafika usoni; ndiyo mara ya kwanza binadamu kuona nyotamkia ikifia hapo hasa.

Desemba ya mwaka huo huo ikaja nyingine, iliyogunduliwa na Terry Lovejoy wa Australia wiki chache tu kabla. Ilipita kilomita 140,000 hivi juu ya uso wa Jua. Ukiweka umbali huo kwenye kanuni, unapata zaidi ya kilomita 560 kwa sekunde, na nusu ya kulizunguka Jua iliimaliza kwa saa mbili hivi. Wataalamu wengi walishaiandikia tanzia. Ikatokeza upande wa pili ikiwa na mkia wake, ikawa pambo la alfajiri kwa watu wa kusini ya Dunia hadi Krismasi, ingawa kiini chake kilikuwa kimeshaanza kusambaratika.

Kwa hiyo lile jiwe letu la 616 ni la kwenye karatasi tu. Jua halina uso mgumu wa kugongwa. Tunachokiita uso ni tabaka la gesi lenye joto la nyuzi 5,500, na kitu cha ukubwa wa kawaida kitakuwa mvuke kabla hakijafika hapo. Kasi ni ya kweli. Kinachofika nayo ndicho kinachobadilika.

Kuanguka kama kuni

Kasi hii iliwahi kutumiwa kujibu swali lililowasumbua watu wa karne ya 19: Jua linawaka kwa nini? Kama lingekuwa makaa ya mawe yanayoungua, lingeisha kwa miaka 5,000 hivi. Hakuna aliyejua habari za kiini cha atomu.

Mwaka 1848 daktari mmoja Mjerumani, Julius Robert Mayer, alipendekeza kwamba Jua linapata moto wake kwa kupigwa na vimondo. Si wazo la kipuuzi hata kidogo. Kilo moja inayofika Juani na kilomita 618 kwa sekunde ina nishati ya tani 45 za baruti ya TNT. Haijalishi kilo hiyo ni ya nini; mawe, barafu, mchanga, vyote vinakuwa na nguvu kupita baruti yoyote kwa sababu tu vimeanguka. William Thomson wa Uingereza, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, naye akalishika wazo hilo mwaka 1854.

Tatizo ni ankara. Gawanya mwanga wote unaotolewa na Jua kwa nishati hiyo ya kila kilo, utapata kwamba Jua linahitaji kumeza karibu Mwezi mmoja mzima wa mawe kila mwaka. Hayo mawe yako wapi? Na hata kama yangekuwepo, Jua lingezidi kuwa zito, lingetuvuta zaidi, na mwaka wetu ungefupika kwa sekunde mbili hivi kila mwaka unaopita. Sekunde mbili ni kitu gani? Zilimbikize kwa miaka 2,000 na kalenda inakuwa imekosea kwa mwezi na nusu. Kumbukumbu za kale za kupatwa kwa Jua zingepiga kelele. Wazo likaachwa, Thomson mwenyewe akaligeukia lingine, na hatimaye karne ya 20 ikaleta jibu: Jua linaunganisha viini vya haidrojeni kuwa heli.

Lakini wazo la kuni zinazoanguka lilikuwa zuri. Lilikuwa limepelekwa tu kwenye nyota isiyo yake.

Kumbuka kanuni yenyewe, ambayo ukiiandika kwa maneno ni fupi: chukua tungamo la nyota (wingi wa maada iliyomo ndani yake), ligawanye kwa nusukipenyo chake, tafuta kipeuo cha pili, hapo ndipo kasi ya kuangukia inapokaa. Hakuna kingine ndani yake. Ukubwa wa nyota kwa macho haukusaidii kitu, na pengine unakuponza. Betelgeuse, lile jitu jekundu begani mwa Orioni, kundi la nyota lenye umbo la mwindaji, ni zito mara nyingi kuliko Jua, lakini limevimba hata lingewekwa mahali pa Jua lingeimeza Mirihi. Ukiiangukia utafika na takriban kilomita 90 kwa sekunde. Ni nyota kubwa kwa sura, ila genge lake ni fupi. Proxima Centauri, jirani yetu wa karibu kuliko wote, ni kinyota chenye sehemu moja ya nane tu ya tungamo la Jua. Lakini kwa kuwa nacho kimesinyaa kwa kiasi kama hicho hicho, kasi yake ni karibu 550. Kinyota hicho kinalipita lile jitu mara sita.

Basi bana. Chukua tungamo la Jua zima ulifinye liwe na ukubwa wa Dunia: hapo una nyota kibete nyeupe, kama Sirius B, ile ndogo iliyojificha ubavuni mwa Sirius. Kasi ya kuiangukia ni karibu kilomita 6,800 kwa sekunde. Endelea kubana hadi tungamo la Jua na nusu hivi liingie kwenye mpira wenye kipenyo cha kilomita 24, ambao ungeenea ndani ya Dar es Salaam: hiyo ni nyota ya nyutroni. Hapo jiwe linafika na kasi inayozidi nusu ya kasi ya mwanga, kama kilomita 175,000 kwa sekunde, na Newton peke yake hatoshi tena; inabidi umwite Einstein asimamie hesabu.

Kilo moja ikianguka humo inatoa nishati mara 20 na zaidi ya ile ambayo kilo hiyo hiyo ya haidrojeni ingetoa kwa kuungana kuwa heli. Kuanguka kunaishinda nyuklia. Na gesi inayofika na kasi hiyo ikisimamishwa ghafla, joto lake linakuwa la mamilioni ya nyuzi, kiasi kwamba haing'ai kwa mwanga wa kawaida bali kwa eksirei.

Eksirei za angani haziwezi kuonekana kutoka ardhini, kwa sababu hewa inazizuia. Inabidi upande juu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi hiyo tu ya kuzichunguza eksirei za angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Setilaiti ikapewa jina Uhuru, na jina hilo la Kiswahili limebaki katika majarida ya falaki hadi leo. Mwongozaji wa utafiti wake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Miongoni mwa vitu ambavyo Uhuru iliviona ni kimoja kiitwacho Centaurus X-3. Kilikuwa kikipiga kama moyo: eksirei zinapanda na kushuka kila baada ya sekunde 4.8. Halafu kila siku mbili na kidogo kinazimika kwa saa kadhaa, kisha kinarudi. Maelezo yakapatikana: ni nyota ya nyutroni inayolizunguka jitu moja, na inazimika inapopita nyuma yake. Jitu linavuja gesi. Gesi hiyo haianguki wima kama jiwe letu. Ina mwendo wa ubavuni, kama kila kitu angani, kwa hiyo inazunguka kwanza kama maji yanayoelekea tundu la sinki, kisha usumaku wa nyota unaikamata na kuimwaga kwenye ncha zake mbili. Nyota ikizunguka, ncha inayong'aa inatuelekea na kutupa kisogo, kila sekunde 4.8.

Lililowashawishi watu kwamba nishati inatoka kwenye kuanguka, si kwenye nyota yenyewe, ni mapigo hayo. Kama nyota ingekuwa inaishi kwa akiba ya mzunguko wake, ingechoka polepole na mapigo yangerefuka, kama pia ya mtoto inayoelekea kulala. Uhuru ilipoyapima miezi baada ya miezi, ikakuta yanafupika. Gesi inapotua inaikabidhi nyota ule mwendo wake wa ubavuni, na nyota, badala ya kuchoka, inazidi kuzunguka mbio.